Nilinyoa kwa Ajili ya Darasa, Wakamlilia Mume Wangu

Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wa msiba wa mume wangu, mwanamke nisiyemjua akaingia uani. Akapiga magoti katikati ya watu. Akaanza kumlilia.

"Kosta wanje... Kosta wanje..."

Wanje, kwa Kiha chetu, ni wangu.

Jamani. Sokoni mume wangu ni Constantin. Mtaani ni Baba Junior. Kosta ni jina la chumbani, nililompa mimi, na sikuwahi kumsikia mtu mwingine akiliita.

Nikamwangalia vizuri. Binti mdogo tu. Mzuri, Mungu anisamehe, mzuri kuliko mimi. Alijifunga kitenge mpaka miguuni, na kichwa chake kilikuwa kipara, kimenyolewa karibuni kama changu.

Wanawake wote wakageuza shingo. Wakatazama kichwa chake, wakatazama changu, wakarudi kwenye chake.

Katika ukoo wa mume wangu, mwanamke mwenye nywele zake hanyoi kipara hivihivi. Anayenyoa ni mke aliyefiwa na mume. Dada hanyoi, shangazi hanyoi. Ni mke tu.

Mama mkwe wangu, Bibi Ntirampeba, akauliza taratibu, lakini nadhani mpaka barabarani walisikia:

"Na huyu kamnyolea nani?"

Wewe unayesoma, usinipe pole bado. Mume wangu alikuwa hajafa.

Ngoja nikuelezee.

Mimi naitwa Immakulata, naishi Kibondo. Wazazi wangu walitoka Burundi, sisi watoto tukakulia huku, ni raia. Niliishia darasa la saba. Nilikuwa na akili, walimu walisema, lakini baba aliona nimetosha kuolewa, nikaolewa.

Tangu hapo nina ugonjwa mmoja. Nikiona wasichana wa sekondari wanapita asubuhi, sketi za bluu zimekunjwa marinda, soksi nyeupe, sweta zimefungwa kiunoni, moyo unaniuma. Ni wivu. Nimeutubu kwa padri mara nyingi, nikitoka tu kanisani nakutana nao tena barabarani.

Basi shule moja ya wasichana hapa kwetu, ya masista, ikafungua darasa la jioni kwa akina mama wanaotaka kufanya Mtihani wa Maarifa, ule wa kukufikisha kidato cha nne. Nilisali novena nzima, siku tisa, ndipo nikamwambia mume wangu.

Akauliza sheria zao.

Nikamwambia zote. Sista Vestina anayesimama getini hana mzaha. Mama wa jioni anavaa sare sawa na binti wa asubuhi. Sketi ipite goti. Hakuna hereni, hakuna kucha za rangi, hakuna pete hata ya ndoa. Na nywele zinyolewe, kwa sababu mabinti wakituona tumesuka na wao watadai kusuka.

Constantin akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Uninyolee nikiwa hai? Unataka wanizike?"

Nikasema ni shule tu, Baba Junior.

"Mke wangu hanyoi. Nywele hizo ndizo nilizokuolea."

Mwaka ule ukapita. Mwaka uliofuata nikaomba tena, akakataa. Nikaendelea kupiga magoti, nikimwomba Mungu amlainishe Constantin. Alikuwa mfanyabiashara wa maharage, kila wiki yuko Kasulu, wakati mwingine anashuka mpaka Munanila kununua kwa wakulima. Akirudi namuuliza tena kwa upole. Jibu ni lilelile.

Mwaka wa tatu usajili ukawa unafungwa Ijumaa, na Sista alisema asiyetimiza sheria siku hiyo jina lake halipelekwi. Jumatano Constantin alikuwa ameshaondoka kwenda Munanila. Simu haipatikani, kule mtandao ni wa kubahatisha.

Nilisali Ijumaa asubuhi mpaka magoti yakauma. Kisha nikaenda sokoni kwa kinyozi Nurudini, nikakaa kwenye kiti, nikamwambia toa zote.

Alisita. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikaitikia kwa kichwa, lakini mashine ilipogusa nywele, machozi yakaanza yenyewe. Nywele zangu nilizitunza tangu usichana. Zilianguka pale chini kwenye vumbi, nami nikalia kama mtoto. Nikavua pete, nikaifunga kwenye leso. Nikaondoka mbio niwahi geti, sikumsalimia mtu.

Pale nje kwa kinyozi kuna wanawake wanaouza maharage. Wote wanamfahamu mume wangu. Waliona nini? Mke wa Constantin, yule mwenye nywele, amenyoa kipara, analia, kidole hakina pete, na simu ya Constantin haipatikani.

Unaona ilivyokuwa.

Mimi hayo sikuyajua. Nilipita getini, Sista Vestina akanipima sketi kwa rula, akanigeuza, akanishika kichwa kama anayekagua tikiti maji, akasema, "Umependeza, binti." Binti! Mimi mwenye watoto wanne. Nilikaa kwenye dawati la mbele jioni ile nikiwa na furaha ambayo harusini kwangu sikuwa nayo.

Nilirudi nyumbani jua likizama. Uani kumejaa watu. Mikeka imetandikwa, moto umewashwa, majirani wanalia. Mama mkwe akanijia mikono imenyooshwa, akanikumbatia.

"Pole, Mama Junior. Pole, mwanangu. Ameenda."

Nikajua wamepigiwa simu nikiwa darasani. Nikajua gari limepinduka huko Munanila. Sikuuliza chochote, nikaanguka nikapiga kelele.

Na wao, waliponiona naanguka, ndio wakapata uhakika.

Wao walilia kwa sababu ya kichwa changu. Mimi nililia kwa sababu yao. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza mwenzake, habari hii umeipata kwa nani? Usiku uleule katekista Venanti na jirani yetu Melkiadi wakachukua pikapu kwenda Munanila kuuleta mwili.

Asubuhi ndipo akaja yule binti.

Turudi hapo.

Bibi Ntirampeba alipouliza kamnyolea nani, binti akainua uso. Macho yamevimba. Akasema anaitwa Jeanne Ndayikeza, ametoka Kasulu, habari amezipata stendi kwa kondakta.

Nikamuuliza mimi mwenyewe. Sauti yangu sikuitambua.

"Constantin ni nani yako?"

"Mume wangu. Tuna miaka miwili." Akanitazama kichwani. "Na wewe ni dada yake? Pole sana, dada."

Wanawake wakasogea karibu wasikie.

"Mimi ni mke wake," nikasema.

Akatikisa kichwa pole pole.

"Hapana. Mke wake alishafariki. Alimzika Mtendeli, kabla kambi ya wakimbizi haijafungwa. Tunamwombea kila Novemba."

Ndugu zangu... Kumbe kwa upande wa Kasulu mimi ni marehemu. Ninaombewa.

Nilimrukia. Sitaficha. Rozari mkononi, nikamrukia, nikashika kitenge chake nimvute nimtoe uani kwangu. Nilikuwa na wivu ambao sikujua mwanadamu anaweza kuubeba akabaki hai. Nilimwonea wivu ngozi yake, umri wake, lile neno wanje kinywani mwake. Wanawake wakanishika. Kitenge kikafunguka, kikabaki mkononi mwangu.

Na chini ya kitenge alikuwa amevaa sketi ya shule.

Ya bluu. Marinda yamepigwa pasi mpaka yamesimama. Beji ya shule ya wasichana kule Kasulu kwenye blauzi. Soksi nyeupe.

Nikaacha kupigana na walionishika.

"Wewe unasoma?"

"Darasa la jioni. Jumamosi tunaingia asubuhi. Nilikuwa naelekea darasani nilipozisikia habari, nikapanda gari nilivyo." Akajifuta kamasi. "Niko kidato cha tatu."

"Na hicho kichwa?"

"Ni sheria ya shule. Kipara wote."

"Constantin anajua?"

"Anajua. Ndiye aliyenipeleka kwa kinyozi siku ya kwanza."

Wenzangu, niaminini. Kule kulala naye kuliniuma. Lakini hili lilinichoma pahali pengine kabisa. Mwanamume aliyeniambia mke wake hanyoi, alimshika mwingine mkono akampeleka kunyolewa. Wivu wa mwanamke ulinipanda dakika chache tu, ukaisha. Wivu wa ile sketi ulinikalisha chini.

Nilikuwa bado nimekaa, kitenge chake kwenye mapaja yangu, pikapu ikasimama nje.

Venanti akashuka kwanza, hana uso wa kututazama. Kisha Melkiadi, amebana midomo asicheke. Na kutoka kiti cha mbele, katikati ya magunia yake mawili, akashuka marehemu.

Waliokuwa karibu na lango walikimbia. Mama mmoja alikanyaga sufuria ya uji.

Constantin akaingia amekasirika, tayari ameshaambiwa njiani chanzo ni nini. Alianza kuongea kabla hajatazama.

"Mama Junior, nani alikuruhusu kuny..."

Hapo akaona. Wanawake wawili, vipara viwili, mkeka mmoja.

Akarudi hatua moja nyuma.

Nilikuwa nimesubiri kumuuliza kuhusu Kasulu, kuhusu ndoa yetu ya kanisani, kuhusu kifo changu. Kilichotoka ni swali lingine.

"Huyu mbona alisoma?"

Akatazama chini. Akasema tuingie ndani tuzungumze. Nikasema hapahapa. Basi akajibu, na nadhani ulikuwa ukweli wake wa kwanza kwa muda mrefu.

"Yeye hakuniomba. Aliniambia anasoma, nisipotaka niondoke. Wewe ulikuwa ukiniomba."

Jeanne akasimama. Akachukua kitenge chake mapajani kwangu, akajifunga. Hakumtukana. Alimwambia tu kwamba vyombo vyake atavikuta kwa mwenye nyumba, na asigonge mlango wake tena. Kisha akanipigia goti, akaniambia, "Dada, mimi nilikuombea kweli." Akaenda kutafuta gari.

Constantin, alipoona mmoja ameondoka, akarudisha nguvu zote kwangu. Akasema mbele ya watu wote kwamba Kasulu imekwisha, amekosa, amekiri, lakini mimi nami nimemwaibisha. Nivae pete leo. Nifuge nywele. Shule basi. Kama sitaki, nirudi kwa baba yangu.

Nikatazama watu. Nilikuwa na watoto wanne na usajili wa jana. Nikaanza kusali kimoyomoyo, sala yangu ileile ya miaka yote. Bwana, mlainishe.

Nikaikatisha katikati. Sikujua niseme nini badala yake.

Aliyesema ni Bibi Ntirampeba.

"Constantin, huyu unamwamrisha kama nani?"

"Mke wangu, mama."

"Mkeo ulimzika Mtendeli. Tumesikia sote. Wewe umemuua mkeo Kasulu, sisi tumekuua Kibondo. Mko sawa."

"Mama, mimi si niko hai?"

"Nakuona. Lakini tangu jana nimekulilia, na machozi yangu hayarudi machoni. Msiba umekaa, moto umewaka, mke amenyoa. Hujui sheria ya baba zako? Mwanamke aliyenyoa msibani haamrishwi na mtu mpaka nywele ziote na matanga yamalizwe."

Wazee wa ukoo wakatazamana. Mmoja akasema, hilo ni kweli. Mwingine akasema halijawahi kutokea mwenye msiba akawa amesimama hapo, lakini sheria ni hiyo.

Constantin akahesabu haraka kichwani, akalegea, karibu atabasamu.

"Sawa. Nywele zinaota. Miezi miwili tu."

Hapo ndipo sauti yangu ilipokuja.

"Shule hairuhusu ziote," nikasema. "Sista anakagua kila Ijumaa."

Mama mkwe akanigeukia. Akanishika kipara.

"Mpaka lini?"

"Mpaka nimalize kidato cha nne, mama."

"Basi matanga yatamalizwa siku hiyo," akasema, na akaomba uji.

Wanawake wakaanza kucheka chini chini, kisha wazi. Melkiadi ikabidi atoke nje. Ule msiba uliishia kwa watu kula ubwabwa wa marehemu, na marehemu naye akapewa sahani.

Ndivyo ninavyoishi mpaka leo. Constantin anakula na kulala kwa mama yake, anahudumia watoto, na jioni ananipisha njia niende darasani. Kama kuna ndoa tena, tutaijua siku ya kumaliza matanga. Sijaamua, na hakuna anayeruhusiwa kuniharakisha.

Dada yangu unayesoma hapa, sali, usiache. Lakini chunguza unaomba nini. Mimi miaka yote nilimwomba Mungu abadilishe moyo wa mwanamume, kumbe ningemwomba mdomo wa kusema "nasoma". Ruhusa niliyokuwa naililia, mwenzangu hakuwahi kuiomba hata siku moja.

Wiki iliyopita nimesikia Jeanne amefaulu kidato cha nne, anaendelea mbele. Nilikaa kitandani nikaumia kabisa.

Wivu juu ya Constantin niliuombea, ukaondoka. Huu wa shule sijauombea. Nikiusikia tu, nafungua daftari la hesabu.