Kitone Kimoja

"Baba, simama hapo hapo. Mama yuko mbele yako."

Nikasimama. Mbele yangu palikuwa na duka la ndoo na sufuria, na mwenye duka akipangusa vumbi kwenye mifuniko.

"Hapa hayupo, mwanangu."

"Yupo. Kitone kinaonyesha mko pamoja. Labda ameingia dukani."

Nikaingia. Nikachungulia nyuma ya ndoo, nikainama mpaka chini ya meza. Mwenye duka akaniuliza nimepoteza nini, nikamwambia mke. Akasema hiyo bidhaa hana.

"Ameingia," binti yangu akasema kwenye simu. "Sasa hivi ameingia. Yuko ndani."

"Ndani niko mimi na sufuria."

"Baba, tafadhali. Huu si wakati wa utani."

Haukuwa utani. Simu yangu mimi ni ya vitufe, haijui ramani. Ramani ilikuwa kwenye simu ya binti, na binti alikuwa kazini kwake, duka la dawa, upande wa pili wa mji. Siku ile yeye ndiye alikuwa macho, mimi miguu: mimi namtajia nilipo, yeye ananiambia kitone kilipo.

Mke wangu ni fundi cherehani. Mtaa mzima wanamwita Sindano, kwa ufundi wake na kwa ulimi wake. Siku hizi anasahau. Si kila kitu. Ya zamani anayo yote, ya leo ndiyo yanamponyoka. Alikwisha toka nyumbani mara mbili akashindwa kurudi, na mara ya pili aliletwa na watu wasiomjua, viatu kavishika mkononi. Hapo binti yetu akatoa neno: akipotea tena, namchukua. Kwake ni chumba na sebule, ghorofani juu, mlango wa chuma. Akienda kazini angemfungia. Nafasi ya mtu wa tatu hakuna. Mimi ningebaki na cherehani, na cherehani haijui kuzungumza.

Nikamwomba binti aniache nijaribu. Ndipo akaleta kile kidude. Kidogo kama kifungo cha koti, ndani kina laini ya simu, kinasikiliza setilaiti huko juu kisha kinaweka kitone chekundu kwenye ramani. Akasema tukifiche, maana mama akikiona atakivua. Nikakubali shingo upande. Sindano alipokuwa bafuni, nikakishonea mwenyewe kwenye pindo la sweta lake, kwa mkono huu uliozoea spana.

Mchana ule nililala kidogo, koti nimelitundika kwenye kiti. Kuamka, mke hayupo. Nikapiga simu kwa binti, akasema tulia, kitone kiko nyumbani. Nikatafuta vyumba vyote. Nilipovaa koti nikatoka nje kuuliza majirani, binti akasema mama naye ameanza kutoka. Ndivyo tulivyofukuzana na kitone hadi kwenye duka la sufuria.

"Tembea kidogo, baba. Labda yuko nyuma yako."

Nikatembea.

"Anakuja," akasema, sauti ikamlainika. "Yuko nyuma yako kabisa. Ukinyoosha mkono unamgusa."

Nikanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Nikamgusa mama mmoja mwenye mwavuli, akaniambia maneno ambayo nilistahili.

Mimi nimelala porini miaka mingi, nimesikia fisi wakicheka nje ya hema, nikageuza ubavu nikaendelea na usingizi. Lakini kufuatwa na mke asiyeonekana, hapo moyo ulinidunda. Nikavuka barabara mbio, kama mzee anavyoweza kukimbia.

"Amevuka?"

"Amevuka. Sambamba na wewe."

Nikaanza kujipapasa. Mifuko, hakuna kitu. Kiuno, hakuna. Kwenye bega la kushoto la koti, ndani ya pedi, vidole vyangu vikakutana na kitu kigumu cha mviringo.

"Mwanangu," nikasema, "huyo unayemfuata ni mimi."

"Sijaelewa."

"Kidude kimo kwenye koti langu. Mama yako amekihamisha."

Na kweli, jana yake nilimkuta na koti langu mapajani, mkasi mkononi, uzi mdomoni. Nikafurahi moyoni, nikasema leo Sindano amemkumbuka mumewe.

"Kwa hiyo hatujui yuko wapi," binti akasema.

"Hatujui."

"Baba, nilikwambia. Akipatikana leo, analala kwangu."

Akakata simu. Lile neno akipatikana likabaki sikioni kama mbu. Kisha ukaingia ujumbe: "Naomba ruhusa kazini nakuja. Usiende mbali. Usije na wewe ukanipotea."

Nilikaa kwenye ukingo wa barabara. Kazi yangu ilikuwa kuchimba visima. Nimefuata mtambo wa kuchimba kutoka mahali hadi mahali mpaka mvi zikaota. Nyumbani nilikuwa kama mgeni wa kufua nguo na kuaga. Tulikuwa na mashine ya kupima ardhi. Mashine ile ilikuonyesha maji yalipo, na mara nyingi ilisema kweli. Lakini haikukwambia kama ni matamu au ya chumvi. Hayo uliyajua kwa kuonja.

Basi nikaacha kujiuliza mke wangu yuko wapi. Nikajiuliza anataka nini.

Ndipo nikakumbuka. Asubuhi, nikiwa nafunga kamba za viatu, aliniuliza, "Gari lenu linaingia saa ngapi?" Gari gani tena, nami nimestaafu zamani. Lakini sikutaka kumbishia, nikajibu ili yaishe, "Jioni." Na nilipokuwa nikizunguka vyumbani kumtafuta, chupa ya chai haikuwa kwenye kabati. Niliona kuwa haipo, macho yakaona, akili ikapita.

Enzi zile, gari la kampuni lilipoturudisha, Sindano alinipokea getini kwenye yadi, na chupa ya chai. Wenzangu, walionipa jina la Bomba, walinitania: Bomba, wewe umeoa au umefungua hoteli?

Yadi yenyewe haipo. Siku hizi pale wanaosha magari. Nikaenda.

Maji yalikuwa yanatiririka mpaka barabarani. Jamaa mmoja mnene mwenye buti za mpira, anaitwa Povu, akaacha kusugua gari akanitazama.

"Wewe ndiye wa gari la visima?"

"Ndiye."

"Afadhali. Mama amekungoja sana."

Akanieleza kwamba alitaka kumwambia hapo hakuna gari la visima, halijawahi kufika tangu aanze kazi. Kisha akajiuliza, nikimwambia hivyo nitakuwa nimemsaidia nini? Akampa ndoo akae kivulini. Mama naye akamvua aproni, akamwambia mtu mzima hatembei na mfuko unaoning'inia.

Sindano alikuwa pale nyuma, juu ya ndoo iliyopinduliwa, aproni ya Povu mapajani, sindano inapanda na kushuka. Sweta alikuwa nalo. Chupa ya chai ilikuwa kando ya mguu wake.

"Umechelewa," akasema bila kuinua kichwa.

"Gari liliharibika njiani."

"Gari lenu hilo. Lingekuwa mbuzi tungekwisha lichinja."

Nikachuchumaa karibu yake. Magoti yakalia. Akanimiminia chai kwenye kifuniko.

"Imepoa," akasema. "Aliyeipoza ni wewe."

"Sindano, kile kidude kwenye koti umekitia wewe?"

"Nani mwingine? Nimekuta pindo la sweta langu limeshonwa kama gunia la viazi. Nikasema huu mkono wa Bomba. Nikafumua."

"Na ulijua ni kitu gani?"

"Nilimsikia mwanao anakueleza jikoni. Mimi nasahau, sijawa kiziwi. Alisema ni cha mtu anayepotea."

"Ndiyo."

"Haya, niambie. Katika nyumba yetu anayepotea ni nani? Mimi nyumba yangu moja, mtaa wangu mmoja, cherehani yangu moja. Wewe ndiye unayeaga wiki ukarudi miezi. Kidude hiki ningekipata zamani, nisingekushonea kwenye koti. Ningekushonea kwenye ngozi."

Sikujua anazungumza na mimi wa leo au na mimi wa zamani. Nikaona haina haja ya kuuliza. Wote wawili ni wake.

Nikampigia binti, nikamwambia mama yuko salama na mahali alipo. Alifika kwa teksi, koti jeupe la kazini bado mwilini. Akamkumbatia mama yake mpaka aproni ya Povu ikaanguka kwenye maji. Akamaliza kumkumbatia, akamtazama usoni.

"Mama, leo unakuja kwangu. Mlango wangu mzuri, unafungwa."

"Unafungwa na nani?"

"Na mimi, nikienda kazini."

"Na huyu?" Akanionyesha kwa ncha ya sindano.

Binti akanitazama.

"Huyu akirudi akute mlango umefungwa, atapokelewa na nani?"

"Mama, baba amesharudi. Amestaafu. Yuko nyumbani kila siku."

Mke wangu akanitazama. Alinitazama kama anavyotazama kitambaa kabla ya kukikata, anakigeuza huku na huku. Povu naye akafunga maji.

"Kweli, Bomba?"

"Kweli."

"Huondoki tena?"

"Siondoki. Labda unitume dukani."

Akaichukua aproni kutoka majini, akaikamua, akakata uzi kwa meno.

"Basi si mngeniambia hivyo," akasema. "Mtu hafichiwi kitu kwenye pindo lake, tena yeye fundi. Mngeniuliza, ningekivaa shingoni kama mkufu."

Binti akaanza kulia. Yeye halii ovyo, ana uso wa kupokea wagonjwa. Akasema, "Naogopa, mama. Kila simu ikilia naogopa."

"Ogopa," mama yake akamwambia. "Lakini uogope umekaa. Lete ndoo nyingine hapo, huyu anywe chai."

Povu akaleta ndoo. Binti yangu akakaa, pindo la koti lake jeupe likigusa tope, akanywa chai iliyopoa. Nami nikasema nililokuwa nalo. Nikamwambia mlango wa chuma utamzuia mama asitoke, lakini hautampa anachokitafuta akitoka. Anachokitafuta ni mimi. Sasa ukitutenganisha, atakuwa anatoka kila siku hata akiwa ndani.

Binti akawa anazungusha kifuniko cha chupa mkononi. Mwishowe akamwuliza mama yake, "Ukipewa hicho kidude bila kufichwa, utakivaa?"

"Nitavaa. Lakini na yeye avae."

"Baba? Baba hapotei."

"Huyo?" Sindano akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwanangu, wewe ulizaliwa yuko kisimani."

Ndivyo ilivyokuwa. Kidude cha pili kilinunuliwa. Cha kwake alikishonea mfuko wa kitambaa cha maua, anakivaa shingoni, na wageni wakimsifu anasema ni zawadi. Cha kwangu kimerudi begani. Kila Jumapili navitoa vyote nivichaji, maana kisipokula umeme ni kifungo tu. Nimejifunza tabia zake pia. Chini ya bati nene kitone huhangaika, kinaweza kumweka mtu kwa jirani wakati yuko jikoni kwake. Lakini kuna siku Sindano alikata kona ya pili badala ya ya kwanza, akaishia nyuma ya kiwanda cha matofali ambako nisingewaza kumtafuta, na kidude ndicho kilichotufikisha kabla hajaanza kuhofu. Nakipa heshima yake kwa hilo. Povu ana namba zetu, mwenye sufuria naye anazo. Na mimi kila jioni natembea na mke wangu mpaka kwenye ile yadi na kurudi, ili gari likiingia alione limeingia na mimi nimeshuka.

Jana tulikuwa tumekaa kibarazani tumetoka matembezini. Kibaridi kilikuwepo, nikafungua koti langu likatutosha wote wawili, kichwa chake kikakaa begani, palepale penye kidude. Simu ikalia. Binti.

"Baba, uko na mama?"

"Kuna nini?"

"Kwenye ramani naona kitone kimoja tu. Kimoja kimeisha chaji au kimepotea? Nimehangaika hapa, nafungua nafunga, bado kimoja."

Nikatazama. Taa ya kidude cha kwake ilikuwa inapepesa ndani ya maua yake. Ya kwangu nilijua inapepesa chini ya shavu lake.

"Nani huyo?" Sindano akauliza, macho kafumba.

"Mwanao. Anasema anaona mmoja tu."

Akavuta koti vizuri, akajisogeza.

"Mwambie macho yake mazima."