Kiraka cha Buluu

Kila jioni akitoka shule, Nasambu aliosha vikombe, akafagia chumba chao pale mtaa wa Kongo, Kawangware, Nairobi, kisha akafanya hesabu kando ya mama yake, Annet, aliyewachapia watu barua za kuomba kazi. Ijumaa hiyo alitumwa dukani kwa fundi Osewe, karibu na kituo cha matatu cha Kawangware 56. Kipakatalishi cha mama kilikuwa kinajikokota, akipeleke kikabadilishwe prosesa, ile chipu kuu inayokiendesha.

"Kaa hapo mpaka amalize," Mama alimwonya. "Fundi asipochungwa anatoa kitu poa, anaweka takataka."

Basi Nasambu akaketi kwenye stuli, macho kodo. Osewe aling'oa prosesa kuukuu, akaweka nyingine na kuipaka dawa ya kijivu ya kupunguza joto, tone dogo kama punje ya ndengu. Mbona kidogo hivyo? Bahili huyu! Kisha akabandika viraka laini vya buluu juu ya chipu nyeusi zilizokuwa kando. Hapo shaka ikampanda Nasambu kichwani. Kiraka si huficha tundu? Lazima kuna kitu kimeibwa chini yake.

Mteja akamwita Osewe mlangoni. Nasambu akabandua kiraka kimoja achungulie, lakini kabla hajaona lolote akasikia fundi anarudi. Akakitia mfukoni mwa sweta. Osewe, asiye na habari, akarudisha chuma cha kupooza joto na feni, akafunga skrubu.

"Ambia mama iko fiti," akasema.

Wapi! Usiku huo kipakatalishi kilipata moto kikazima mara tatu.

"Ameiba kitu, Mama. Nilimwona akificha kwa viraka," Nasambu alisema, na aliamini hivyo kabisa. Kwamba alibandua kimoja hakusema, maana alikatazwa kushikashika vitu vya watu.

Asubuhi Annet alifika dukani na Nasambu, akifoka. "Mwizi wewe! Rudisha kitu yangu!"

Kawangware 56 neno "mwizi" halingoji kurudiwa mara ya pili. Watu walijaa mlangoni, na mwanamume mmoja tayari alikuwa ameokota ubao.

Osewe alikifungua kipakatalishi huku jasho likimtoka. "Mama Nasambu, sijaiba. Chipu zako zote ziko hapa, hesabu. Lakini kiraka moja haiko. Hiyo ndiyo hutoa joto kwa chipu ikapeleka kwa chuma. Bila hiyo, lazima izime."

"Si ni wewe umeiuza!" yule wa ubao akasogea.

Nasambu akaingiza mkono mfukoni mwa sweta. Kumbe kiraka hakikuficha kitu! Akinyamaza, hakuna atakayejua, na fundi atapigwa bure.

"Ni mimi!" akalia, akitoa kiraka kilichojaa nyuzi za sweta. "Nilidhani anaficha kitu. Sikumuuliza."

Ubao ukashushwa. Osewe alifuta jasho usoni. Alipotulia, alikata kiraka kipya, akafuta dawa ya zamani na kupaka nyingine. Kipakatalishi kikawaka, wala hakikuzima tena.

"Pole, fundi," Annet akanong'ona. Kisha akatikisa kichwa, akatoka hadi mlangoni na kupaza sauti ileile aliyomtukania. "Watu wangu, sikieni! Osewe si mwizi! Mimi ndiye nimemsingizia!"

Akamshika Nasambu bega.

"Nilikutuma kuchunga, sikukufunza kuuliza. Hilo ni kosa langu. Lakini kuuliza si ujinga, mwanangu. Shaka ukiificha moyoni bila kuuliza, siku moja itaua mtu."