Keziah Bourne wa Rafu ya Saba

Silas Doane, mchimba makaburi, alilifuta jina lile mara tatu kwa tambara bichi, na mara ya nne akalikuta limerudi, kwa chaki nyeupe, kwenye ubao wa rafu ya saba ya Chumba cha Kungojea: Keziah Bourne. Aliinama akanusa. Ubao ulinuka udongo mbichi, na hapa Massachusetts, mwezi Desemba, udongo haunuki kitu. Umeganda, sululu inadunda.

Alikwenda kumwambia mkurugenzi, Bradford Whitcomb, mtu aliyetoka kuuza likizo za Florida akapewa makaburi ya Larch Hill ayaendeshe, na tofauti kati ya kazi hizo mbili hajaiona hadi leo. Hata theluji ikifika magotini yeye huvaa viatu vya ngozi nyembamba, ili ajulikane kuwa si mtu wa koleo.

"Pakeni rangi juu yake," alisema.

"Kuna kitu humo, bosi."

"Kikikaa mpaka kesho kitaona watu. Tiketi zimekwisha zote."

Tiketi zilikuwa za Jioni ya Mishumaa, ubunifu wake mwenyewe. Watu wazima, wenye makoti ya bei mbaya, walilipa ili washike mshumaa, wazunguke kati ya makaburi ya mababu wa watu wengine, waonyeshwe bundi kwenye msonobari, kisha wanywe juisi ya tufaha ya moto ndani ya Chumba cha Kungojea. Wazee wetu walikijenga chumba hicho ubavuni mwa kilima kwa ajili ya majira ya baridi: maiti walilazwa humo kwenye rafu, kila mmoja na jina lake kwa chaki, mpaka machipuko yafike na ardhi ichimbike. Whitcomb alikiona, akasema kina mvuto. Akaagiza majiko manne ya gesi, wageni wasije wakahisi baridi makaburini.

"Humo hatuwashi moto," Doane alimwambia. "Hatujawahi. Waliolala humo huamshwa na joto. Ndiyo dalili yao kwamba zamu imefika."

"Silas, waliolala humo walizikwa zaidi ya miaka mia iliyopita."

"Wote?"

Whitcomb alicheka, akarudi kwenye simu yake.

Doane hakuwa na nguvu ya kubishana. Mkewe, Lorna, alikuwa amefariki Jumatatu. Siku hizi wengi wetu hukubali kukaa kwenye friji ya maiti mpaka Aprili, lakini Lorna aliogopa sana kungojea. "Usiniweke rafuni, Silas," alimwambia kitandani, akamshika mkono mpaka mzee akaitikia. Basi Doane alitandika bati la chuma juu ya kipande chao cha ardhi, akachochea makaa juu yake siku mbili mfululizo mpaka ardhi iliyoganda ikalainika, akachimba kwa mikono yake. Mazishi yalipangwa Jumamosi asubuhi. Ijumaa ile ya Jioni ya Mishumaa, katika makaburi yote, kaburi la Lorna ndilo pekee lililokuwa wazi, na udongo wake ndio pekee uliokuwa laini.

Saa kumi jioni jua likaanza kuondoka, majiko yakawashwa. Peg Rourke, mama aliyekuwa akigawa juisi, ndiye aliyetangulia kuona. Kuta zilianza kutiririka maji. Harufu ya udongo ikapanda hadi ikaifunika ile ya mdalasini wa juisi. Nje, bata mzinga wa mwituni, ambao hupita hapo kila jioni kwenda kulala mitini, walifika mbele ya mlango wakasimama, wakageuka wote pamoja. Bundi naye akaruka bila sauti, watu wakiwa bado wanamwelekezea simu.

Kisha zikaja nyayo. Zilianzia chini ya rafu ya saba, za mguu mtupu wa mwanamke, zikapita katikati ya wanywaji, zikatoka mlangoni, na kila unyayo uliposhuka theluji iliyeyuka mpaka nyasi zikaonekana, na juu yake hapakuwa na mtu.

Wageni walipiga makofi. Naona aibu kulisimulia, lakini walipiga makofi, na Whitcomb, asiyejua lolote, aliinamisha kichwa akapokea sifa.

"Mmefanyaje ile?" bibi mmoja alimuuliza.

"Siri ya kazi," alijibu, na papo hapo sikio lake la kushoto likapoa.

"Ardhi imelainika?"

Sauti ilikuwa ya upole, ya mtu aliyelala sana. Aligeuka, hakuona mtu. Akasogea, ikasogea naye, akapenya kati ya wageni akitabasamu kwa meno tu, akatoka nje, akakata njia katikati ya mawe ya makaburi, viatu vyake vimejaa theluji, akajificha nyuma ya malaika wa marumaru, na nyayo zikaja, moja baada ya nyingine, bila haraka, kwa kuwa aliyekwisha kungoja kiasi kile haraka ya nini tena, mpaka ya mwisho ikafunguka mbele ya vidole vyake, na kitu kibichi kikamshika shingoni, chini ya kola.

"Watu wangu hawakurudi kunichukua," sauti ilisema. "Wewe ndiye mkubwa wa hapa. Nipe mahali."

Mtu mwingine angelia, au angeomba dua. Whitcomb alinyoosha kidole. "Kule," alinong'ona. "Limeshachimbwa. Chukua lile."

Alijua ni la nani. Kibali chake alikitia saini mwenyewe.

Doane alikuwa kando ya kaburi, akilifunika kwa turubai, alipoziona nyayo zikija, na nyuma ya nyayo hizo Whitcomb akiburutwa kwa kola na mkono usioonekana. Ukingo wa kaburi ukameguka. Udongo ukaanza kushuka polepole, kama godoro linapokaliwa. Mzee wa watu alisimama mbele yake na koleo lake.

"Dada, hili lina mwenyewe," alisema kwa sauti ya chini. "Ni la mke wangu. Anaogopa kungojea, kama wewe."

"Mkubwa amenipa."

Doane alimtazama Whitcomb. "Umempa?"

"Nitakutafutia jingine, mzee wangu. Aprili. Lorna si anaweza kusubiri kidogo..."

"Una lako. Kando ya ziwa, chini ya ule mti mkubwa. Bodi ya makaburi ilikupa bure, na unawaonyesha wageni kila Jumapili. Mpe hilo, kwa mdomo wako."

Na yule bwana akafikiri. Mkono wa maiti uko shingoni, kaburi la mke wa mwenzake linaporomoka, naye anafikiria mandhari ya ziwa. Ukingo ukameguka tena. Baridi ikamshuka kutoka kwenye kola hadi kiunoni, ndipo akasema, "Basi. Achukue langu."

Walihamishia majiko yote manne ziwani. Doane alimkabidhi Whitcomb sululu, naye akachimba na viatu vyake vile vile, akilia, huku wageni wa mwisho wakimpiga picha. Mwili haukuwepo, wakazika ubao wa rafu ya saba, wenye jina. Nyayo ziliishia hapo.

"Lala, Keziah," Doane alisema, na harufu ya udongo ikakatika.

Lorna alizikwa Jumamosi saa nne asubuhi, siku ileile aliyoahidiwa. Jumatatu Doane alikwenda kufunga chumba, akakuta chaki mpya kwenye rafu ya nane: Bradford Whitcomb. Hakuhangaika na tambara.

Mkurugenzi aliacha kazi kabla ya Krismasi, akarudi Florida, ambako ardhi haigandi. Alituachia barua ya kujisifia idadi ya wageni.

Mwezi Julai Doane alikuwa akikata nyasi kando ya ziwa, simu yake ikalia. Kwanza alisikia meno yakigongana.

"Silas," Whitcomb alisema. "Huku jua linachoma, nami nimevaa makoti mawili. Sina mahali, Silas. Wewe niambie tu." Akavuta pumzi. "Ardhi imelainika?"

Doane alitazama chini. Mvua ilinyesha jana yake, na buti lake lilikuwa limezama katika udongo mweusi.

"Bado, bosi," alisema. "Ngoja."