Kaa Upande Wangu wa Kulia

Kitendawili! Itikia basi, mjukuu wangu, usiniache mdomo wazi. Ndugu wawili wamejenga huku na huku kwa kilima kimoja. Habari wanaletewa zile zile siku zote, lakini hawajawahi kuonana uso. Ni kina nani?

Umesema macho? Umekosa. Nipe mji. Umenipa Nairobi? Haya, Nairobi nimeipokea. Nikaenda nayo mpaka Luthuli Avenue, Jumamosi mchana, pale ambapo kila duka limetoa spika nje na kila spika inabishana na jirani yake. Jibu utalikuta mbele. Tutembee.

Ndani ya duka la vyombo vya muziki palikuwa na kijana mrefu, jaketi ya ngozi nyeusi iliyochujuka viwiko, gitaa la umeme shingoni. Alikuwa akijaribu spika. Aligusa uzi mmoja tu, vioo vya kabati vikatetemeka. Msichana aliyekuwa kaunta akiulizia waya wa kipaza sauti aliruka, akaziba masikio kwa viganja. Alivaa rinda la kijani, nywele kazisuka mistari, na begani alining'iniza kasha jembamba jeusi.

"Wee kaka! Unataka kutuua?"

"Pole, madam. Hii ni rock."

"Rock si ni mawe? Basi umenipiga nayo ya kichwa."

Kijana alicheka, akazima spika. "Naitwa Dalmas. Na hapo mgongoni umebeba mtoto?"

"Fidla. Inalala mchana, usiiamshe."

"Iamshe kidogo tu niisalimie."

"Haisalimiani na watu wa fujo," alisema msichana, jina lake Nanyama, akalipia waya wake na kutoka. Lakini mlangoni aligeuka, na Dalmas akamwona akigeuka.

Wiki haikuisha kabla hawajakutana tena. Kumbe bendi ya Dalmas ilikuwa imealikwa kupiga pamoja na okestra ya Nanyama, rock na fidla na tarumbeta jukwaa moja, na mazoezi yalikuwa katika ukumbi wa kanisa huko Kilimani. Kiongozi wa okestra, Mwalimu Mutinda, mzee mwembamba mwenye fimbo ndogo ya kuongozea, aliwapokea wanabendi bila tabasamu.

"Nyinyi mmezoea kupiga kwa nguvu," aliwaambia. "Hapa tunapiga kwa masikio. Asiyemsikia mwenzake hana nafasi."

Maxwell, mpiga ngoma wa bendi, alicheka. Dalmas hakucheka.

Hakucheka kwa sababu sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa. Lilikufa polepole, kwa miaka ya kusimama karibu na ngoma za Maxwell na spika kubwa kuliko milango. Daktari alimwambia hilo halirudi tena, na la kulia asipolitunza litamfuata nduguye. Eeh, sasa umepata wale ndugu wa kilima. Mmoja alikuwa amefunga nyumba, na majirani hawakuambiwa. Mchana Dalmas alitengeneza spika pale Dagoretti Corner. Fundi wa spika asiyesikia, nani atamletea kazi? Na mwanamke gani atamtaka mwanamuziki anayekwenda kuwa kiziwi? Akanyamaza.

Mapenzi nayo hayangoji mtu amalize siri zake. Jioni Dalmas alimngojea Nanyama nje ya ofisi yake Westlands, karanga mfukoni, na usiku wakapigiana simu.

"Umefika, mpenzi?"

"Nimefika. Niko kwa stovu."

"Unapika nini?"

"Mayai."

"Mayai tena? Dalmas, utaanza kutaga!"

"Nikitaga nitakuletea trei nzima, mama."

Nanyama alicheka mpaka akakohoa. Hakuwa amecheka hivyo tangu baba yake azikwe.

Siku moja, wakati wa mapumziko ya mazoezi, waliketi kwenye ngazi za jukwaa. Nyuma yao wapigaji walikuwa wakilinganisha nyuzi, ukumbi mzima unavuma kama mzinga. Nanyama aliketi kushoto kwa Dalmas. Aliangalia viatu vyake, akasema kwa sauti ndogo jambo alilokuwa amelibeba mwezi mzima:

"Dalmas, Desemba utakuja Kimilili mama akuone?"

Kwa msichana aliyelelewa kama yeye, kutangulia kusema neno hilo haikuwa rahisi. Alingoja. Dalmas alikuwa akimtazama Maxwell huko mbele, anatabasamu. Kisha aliinuka, akapangusa suruali, akamwendea Mwalimu Mutinda.

"Mwalimu, naomba kuhamishwa," alisema, na Nanyama akasikia kila neno. "Nitoke upande huu wa fidla, nisimame ule mwingine."

Dalmas mwenyewe alitaka fidla zote zimwingie kwa sikio lililo hai, aipate hasa ile ya Nanyama. Nanyama angejuaje? Yeye aliona mwanamume aliyeulizwa swali akainuka na kukimbilia ng'ambo.

Usiku huo simu iliita mara nyingi kabla hajaishika.

"Nanyama, mbona kimya?"

"Kimya umeanza wewe."

"Nimefanya nini?"

"Umenihama mbele ya watu, na hata jibu hukunipa."

"Jibu la nini?"

"Usinichezee, Dalmas. Neno kama lile mimi siulizi mara mbili."

Akakata. Dalmas alibaki amekaa kitandani. Sasa alijua kuna jambo lilimpita. Neno moja lingetosha: sisikii. Lilimfika kooni, akalimeza.

Tamasha lilikuwa Jumapili alasiri, katika ukumbi mmoja mjini. Okestra yote ilivaa nyeusi. Nanyama alikuwa amefunga nywele nyuma, hatazami ng'ambo. Dalmas alipaka jaketi yake mafuta ikang'aa. Nyimbo za mwanzo zilikwenda vizuri, tarumbeta zikiitikia gitaa, watu wakisimama vitini.

Kisha ukaja wimbo wa polepole, usio na ngoma, gitaa na fidla tu. Katikati yake, spika ndogo iliyokuwa miguuni pa Dalmas ikimletea sauti ya wenzake ilizimika. Gitaa likapotea njia, likatangulia. Mwalimu Mutinda alimkazia macho.

Hapo ndipo Nanyama alipotazama ng'ambo. Alimwona Dalmas akiinamisha kichwa, akitega sikio la kulia, kama kuku aliyesikia mwewe. Akakumbuka. Simu siku zote sikio la kulia, hata kama mkono huo una kikombe. Njiani siku zote, "Pita huku, mpenzi," mpaka yeye awe kulia. Na siku ile kwenye ngazi, yeye alikaa kushoto.

Hakunikataa, aliwaza. Hakunisikia.

Katika okestra mtu haachi kiti chake. Nanyama aliinuka huku anapiga, akapita mbele ya Mwalimu Mutinda, akaenda kusimama bega kwa bega na Dalmas, kulia kwake. Dalmas alifumba macho. Gitaa likamkuta alipo, wakaumaliza wimbo pamoja. Makofi yakajaa ukumbini.

Nyuma ya jukwaa, watu wakibeba viti, Mwalimu Mutinda alisimama mbele yao.

"Binti, kiti chako kina miguu mingi sana leo." Kisha kwa Dalmas, taratibu: "Wiki ijayo njoo mapema. Tukutafutie mahali pa kusimama."

Alipoondoka, Nanyama aliuliza, "Tangu lini?"

"Lilizimika kabisa mwaka jana."

"Ukaniacha nilie bure."

"Niliogopa. Na hili jingine huenda likafuata, Nanyama. Siku moja utaniita, nisigeuke."

Nanyama alitua kasha la fidla chini.

"Nitakugusa bega," alisema.

Akazunguka mpaka kulia kwake, akainuka kwa ncha za vidole vya miguu.

"Nilisema siulizi mara mbili. Ile hukuisikia, kwa hiyo hii ndiyo ya kwanza. Desemba utakuja Kimilili mama akuone?"

Dalmas alishika vidole vya mkono wake, vyenye alama za nyuzi.

"Mama huongea kwa sauti?"

"Ndogo sana. Kama mtu anayesali."

"Basi nitakuja," alisema Dalmas. "Ila niketisheni kushoto kwake, nisikose hata neno."