Shimo Nyuma ya Darasa Bovu

Kila asubuhi binti yangu Elieth huchota maji, hukoroga uji, kisha huenda shule. Yuko darasa la sita. Tangu mama yake afariki, tumebaki wawili tu.

Mwezi ule mhandisi Bernadina alikuja kupanga kazi ya kubomoa darasa bovu la shule yetu. Nyuma ya darasa hilo kulikuwa na duara, shimo la wachimba dhahabu, lililofunikwa kwa magogo na udongo mpaka likaota nyasi. Aliyelichimbisha kwa siri ni Ndaki, mwenyekiti wetu wa kijiji. Elieth, aliyewahi kuliona likichimbwa, alimwendea kumkumbusha amwonye mhandisi.

"Usihofu, mwanangu," Ndaki alimjibu. "Nitamwambia injinia mwenyewe."

Mtoto akaamini. Wakubwa wetu wana midomo ya asali.

Siku ya kikao cha kazi hiyo pale shuleni, wanafunzi walisimama pembeni. Mhandisi akakunjua ramani yake.

"Tutaezua mabati, halafu mbao. Kuta zitaangushwa na mtambo wa kijiko, utakaosimama hapa nyuma. Kuna shimo lolote?"

"Hakuna," akasema Ndaki. "Ardhi hii ni ngumu kama kichwa cha punda!"

Watu wakacheka. Elieth alimkodolea macho Ndaki, kisha akanitazama mimi. Nikainamia ndala zangu. Ndaki alikuwa ameniahidi kibarua cha kubomoa.

"Shikamoo, injinia," Elieth akasema. "Shimo lipo. Mwenyekiti anajua, nilimwambia."

"Ng'wana gani huyu!" Ndaki akafoka. "Baba Elieth, hujamfunza adabu?"

Mhandisi alichukua nondo, akaichoma kwenye nyasi. Ikazama yote.

"Dereva wangu angezikwa humu," akasema taratibu. Akafuta mpango wake palepale: shimo lizungushiwe uzio, lijazwe kifusi, na kijiko kisimame upande wa mbele. Ndaki akaondoka bila kuaga.

Njiani nilimlaani Ndaki na viongozi wote. Elieth akasimama, akanigeukia.

"Baba, na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Yeye alinidanganya," akasema, machozi yakimtoka. "Lakini wewe nilikutazama, baba."

Maneno yale yalinichoma kuliko ya mwenyekiti yeyote.

"Nisamehe, mwanangu," nikamwambia. "Nimezoea kuwalaumu wakubwa tu. Kumbe anayeujua ukweli akanyamaza, ameusaidia uongo. Leo wewe umesema. Usije ukanifuata mimi."