Kisemeo cha Raya

"Shikamoo, shangazi. Karibu ndani, pole na safari," ilisema sauti nyororo, ilhali midomo ya Raya ilikuwa imefumbwa.

Sauti ilitoka kwenye kisemeo, pete nyembamba ya shaba iliyomzunguka shingo. Kifaa hicho kilinasa mitetemo ya neva za koo, kikakisia neno, kikalisema kabla mwenyewe hajajua kama alitaka kulisema. Dodoma nzima, vijana wenye usonji walikuwa wakikivaa. Mama yake Raya alikuwa amepandisha kipimo chake cha adabu hadi juu kabisa, watu wasije wakasema mtoto hakufunzwa.

"Mashallah!" Shangazi Hidaya alipiga kofi. "Juzi juzi tu alikuwa kimya kama jiwe, leo ananishinda maneno! Haya, mwanangu, gari-anga linatungoja. Utakwenda nami shule ya bweni, Arusha?"

Hapana, aliwaza Raya. Hapana!

"Mama akiridhia, nami nitafurahi," sauti ikasema.

"Umesikia, wifi? Funga mkoba."

Mama akaanza kukunja magauni. Raya alijishika koo kwa mikono miwili, akaivuta ile pete. Kifungo chake kilifunguka kwa kidole cha mama peke yake.

"Samahani, nina kiu," sauti ikasema.

Mama akamletea maji. Raya alikisukuma kikombe, kikaruka, kikapasuka sakafuni.

"Ahsante, mama. Maji matamu."

Mama aliganda. Akatazama vigae vilivyolowa, akatazama uso wa bintiye uliojaa jasho. Kisha akaweka kidole kwenye kifungo, pete ikafunguka.

"Wee! Utamrudisha kwenye ububu," shangazi alimaka.

"Nyamaza kidogo, wifi. Tumngoje."

Mara mbili mama alifungua kinywa amsaidie, mara mbili akakifunga. Raya akauendea mkoba, akatoa gauni la kwanza, akalirudisha kabatini. Akatoa la pili.

"Hataki," shangazi alinong'ona. "Kumbe hataki."

Mama aliketi ukingoni mwa kitanda, pete mkononi. "Na ile 'nakupenda, mama' ya kila asubuhi? Ilikuwa yako, Raya, au ya hiki kidude?"

Raya alilisikia swali. Jibu lake lilikuwa refu, na njia ya kulitoa alikuwa bado hajaijua. Alimpokonya mama ile pete, akaitupa uvunguni, kisha akaketi karibu naye, bega kwa bega, ili mama angoje vizuri.