Kiti cha Nyuma, Katikati

Jumatano ile nilitoka Nyamira saa tisa alasiri kwenda Nyakoe, kumsaidia mjane wa rafiki yangu kujaza fomu. Hilo tu. Mtu akishafundisha darasa la tatu kwa miaka thelathini na minne, watu humletea fomu zao zote azijaze, hata baada ya kustaafu.

Rafiki yangu alikuwa Cleophas Ombui, karani. Mimi na yeye tulikuwa na ugonjwa mmoja: magari madogo ya plastiki ya kuunganisha. Si vitu vya kuchezea. Huja vipande vipande ndani ya boksi, nawe unavikata kutoka kwenye fremu yake, unavisugua, unavipaka rangi na kuvigandisha. Tulikusanya aina moja tu, magari ya wazi ya zamani, ya miaka mia iliyopita, yasiyo na paa wala vioo vya pembeni, ambayo abiria walikaa wakipigwa na upepo mwendo wote. Mimi nilikuwa nayo thelathini na moja.

Cleophas alikuwa amezikwa siku kumi na moja kabla. Aliugua ghafla, akawa baridi kama maji ya mtoni, na hospitali haikuona kitu.

"Bwairire, Mwalimu," mjane wake, Eucabeth, alinisalimu mlangoni. "Ingia. Chai iko tayari."

Tulimaliza fomu giza likianza kuingia. Ndipo nikaliona boksi juu ya kabati. Nililijua kwa picha yake. Nilikuwa nimelitafuta gari lile kwa miaka kumi na minne, na Cleophas hakuwahi kuniambia kwamba analo.

"Mama Momanyi," nikasema, "lile boksi..."

Eucabeth aliacha kukusanya vikombe.

"Ngoja Jumapili. Shemeji zangu wanakuja kugawa vitu vyake. Kabla ya hapo hakuna kitu cha marehemu kinachotoka bomani. Unajua, Mwalimu."

Nilijua. Kwetu kila mtu anajua. Lakini mimi ni Msabato, na nimewaambia watoto wa watu wasiogope mambo kama hayo. Tena niliogopa jambo lingine. Niliogopa kwamba hao shemeji wangempa mtoto fulani gari lile, na kufikia jioni liwe limevunjika magurudumu.

"Nitalitunza tu," nikasema. "Jumapili nalirudisha asubuhi, wagawe, kisha niwaombe."

Akaliteremsha boksi. Kisha akashusha sauti, kana kwamba kuna mtu chumba cha pili.

"Chukua basi. Lakini usimkalishe mtu humo."

Nilidhani ni huzuni inayosema.

Nyumbani nilimkuta mke wangu, Phanice, mezani anachambua maharagwe. Alikuwa amevaa sweta yake ya kijani na kitambaa cha njano kichwani.

"Baba Jemimah! Umeenda kwa fomu, umerudi na mtoto."

"Huyu ni wa kuazima."

"Hata wa kuazima hutafuta pa kulala. Kabati langu la vyombo umeshachukua nusu. Sasa sufuria zangu zihamie kanisani?"

Nikacheka, nikafungua boksi.

Harufu ya petroli ikanijia usoni. Petroli, na ngozi iliyolowa mvua. Nilishangaa, maana plastiki haina harufu hiyo.

Gari lilikuwa karibu limekamilika, na lilikuwa zuri mno. Wenye seti hizi huko ng'ambo hutengeneza pia watu wadogo wa kuketi ndani, wenye makoti na kofia za kizungu. Lakini hawa hawakuwa wazungu. Mbele, kando ya dereva, aliketi mzee mwenye koti la mvua. Nyuma, upande mmoja, mama aliyejifunga leso. Upande wa pili, msichana mwenye sweta ya shule. Dereva alivaa suti ya kijivu na tai nyekundu, mikono yote miwili kwenye usukani. Nyuso zilipakwa kwa brashi nyembamba sana, hata mikunjo ya macho niliiona.

Hakuna aliyetabasamu.

Kiti cha nyuma, katikati, kilikuwa kitupu. Na chini ya boksi alibaki mtu mmoja kwenye fremu, mwanamke, hajapakwa rangi.

Anayekusanya vitu hivi atanielewa. Kazi iliyobaki kipande kimoja haikupi usingizi. Nilikumbuka maneno ya Eucabeth. Niliyakumbuka vizuri kabisa. Nikajiambia, nitampaka rangi tu.

Nikatafuta rangi ya nguo yake. Macho yangu yakaenda mbele yangu, na mkono ukafuata. Sweta ya kijani. Kitambaa cha njano.

"Unanitazama sana leo," Phanice alisema. "Nina nini?"

"Kaa hivyo hivyo."

Rangi ilipokauka, nikamjaribisha kwenye kiti. Alitosha. Miguu yake ilishuka barabara kati ya yule mama na yule msichana. Nikaweka gundi. Gundi yetu si ile ya karatasi. Inayeyusha plastiki, vipande viwili vinakuwa kimoja, na havitengani tena.

Nilipomkandamiza, nikasikia mlango wa gari ukifungwa.

Taratibu. Huko nje, barabarani.

"Nani huyo amekuja?" Phanice akauliza.

Nikachungulia. Barabara ilikuwa tupu.

Alhamisi jioni, Phanice aliniomba nifunge dirisha.

"Limefungwa, Mama Jemimah."

"Basi upepo huu unatoka wapi?"

Nikamshika mkono. Ulikuwa baridi. Na usoni mwake, kwenye nyusi na kwenye kope, palikuwa na vumbi jekundu la barabarani. Hakuwa ametoka nyumbani siku nzima.

Ijumaa nilimpeleka hospitali. Wakapima damu, wakapima mapafu, hawakuona kitu. Tukarudi na dawa za homa.

Jumamosi sikwenda kanisani. Nilimfunika blanketi tatu. Kufikia jua kutua, midomo yake ilikuwa imekauka na kupasuka, kama ya mtu aliyesafiri mbali. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimerudi nyuma, kinacheza... kinacheza polepole kwenye upepo ambao mimi sikuusikia.

"Tunaenda wapi?" akanong'ona.

"Uko nyumbani. Uko kitandani."

"Mwambie apunguze mwendo."

"Nani?"

"Anayeendesha. Nimemwita, hageuki." Akavuta blanketi. "Amevaa suti ya kijivu. Shingo yake naijua."

Nilikimbia sebuleni, nikalitazama lile gari. Suti ya kijivu. Tai nyekundu. Niliwahi kuziona hizo nguo, nimesimama kwenye mstari, kofia mkononi, nikiaga.

Ndizo alizovaa Cleophas ndani ya jeneza.

Nikampigia Eucabeth. Simu ililia mara moja tu.

"Umemkalisha mtu," alisema.

"Mke wangu."

Nikamsikia akilia.

"Alilinunua kwa mitumba, soko la Daraja Mbili. Lilikuwa na watu watatu wameshakaa. Hakuna dereva. Yeye akajipaka mwenyewe, kwa mchezo tu, akajiweka kwenye usukani. Siku tisa, Mwalimu. Siku tisa akaondoka."

"Na wale watatu ni nani?"

"Sijui. Naye hakujua. Alikuwa akisema wanamwonyesha njia."

"Mama Momanyi, kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia ungoje. Kesho shemeji zangu walikuwa walichome, ndio maana halikutakiwa kutoka." Sauti yake ikapungua. "Mtoe. Mtoe kabla hao wa kwenye gari hawajafika waendako."

Stima ilikuwa imepotea. Nikawasha mshumaa, nikaliweka gari kwenye meza ndogo kando ya kitanda, nikachukua msumeno wangu mwembamba, ule wa meno madogo kama chumvi. Nikaanza kukata chini ya mapaja yake. Polepole. Msumeno ukiteleza ninamkata yeye.

Harufu ya petroli ilijaa chumba.

Phanice alikuwa akipumua kwa mbali. Nikakata. Akapumua. Nikakata tena. Kiuno kikaachia. Mgongo ukaachia. Nilibakiza miguu, lakini ilikuwa imezama kati ya wale wawili, imeyeyuka na kuwa kitu kimoja na sakafu ya gari. Msumeno haukufika.

"Naona taa," Phanice alisema. "Watu wengi wamesimama na taa. Wanatupungia."

"Usiwatazame. Phanice, nitazame mimi."

"Anafunga breki..."

Kisha hakupumua.

Nikaweka msumeno chini. Nikamshika yule mwanamke mdogo kwa vidole viwili, nikavuta.

Kra.

Phanice alipiga yowe lililowaamsha mbwa wa mtaa mzima. Akaketi kitandani, anahema, anatoka jasho, anaishika shingo yangu. Alikuwa na joto. Nikalia kama mtoto wa darasa la kwanza.

Mkononi mwangu nilikuwa na mwanamke mwenye sweta ya kijani. Aliishia kwenye vifundo vya miguu.

Mwaka umepita sasa. Madaktari wa Kisii wamepiga picha mishipa na mifupa ya Phanice, na wanasema miguu yake ni mizima. Lakini hasimami. Kutoka kwenye vifundo kushuka chini hasikii kitu, hata ukimwagia maji ya moto. Namsukuma kwa kiti cha magurudumu, namsomea gazeti, nachambua maharagwe mwenyewe. Shemeji za Eucabeth walikuja Jumapili ile kulidai gari walichome. Niliwakatalia mlangoni. Ningewezaje? Miguu ya mke wangu imo ndani. Nimelifungia kwenye kopo la biskuti, nimelizungushia blanketi, na hakuna anayeligusa.

Phanice huniuliza kidogo sana kuhusu siku zile. Nilimweleza yote, kosa langu lote, naye akaniambia nilete uji. Ila kila jioni, giza likianza kuingia, hunyoosha mkono na kunigusa.

"Upepo umeanza," husema. "Kwenye miguu."

Namvisha soksi mbili za sufu, ingawa najua hazisaidii. Kwa mwendo wa upepo anajua kama wanapanda mlima au wanashuka. Nami huketi naye mpaka utulie, kwa kawaida wakati wa kulala.

Jana ulitulia mapema. Hata taarifa ya habari haikuwa imeanza.

"Baba Jemimah," alinong'ona. "Wamesimama."

"Wapi?"

Aliinamisha kichwa, akasikiliza, mkono wake ukikaza wangu.

"Sioni. Lakini yule msichana amenisogelea... Wanapisha mtu aingie."